Fimbo Hii ni ya Nani?



Tafakari ya juma hili nilikuwa nimeipanga vingine. Injili ya Jumapili ya 15 ya Mwaka B yatoka kwa Mtakatifu Marko, pale Bwana wetu anapowatuma wale Kumi na Wawili, wawili wawili, akiwakataza kuchukua mkate, mkoba na fedha, ila fimbo akiwaruhusu. Mtakatifu Mathayo, anapoisimulia habari hiyohiyo, anasema hata fimbo wasichukue. Nilitaka kuwaandikieni juu ya tofauti hiyo, ambayo imewasumbua wafafanuzi wa Maandiko tangu zamani, na nilikuwa nimekwisha kujaza ukurasa mmoja na nusu. Kisha siku ya Jumatatu, baada ya Misa ya asubuhi, mama mmoja mjane wa kigango chetu kimojawapo akanisubiri nje ya sakristia, akiwa na kitu kirefu kilichofungwa kwa kanga.

Wengi wenu mlikuwapo tulipomzika mume wake. Siku arobaini zilipokwisha na watoto wakakutana kugawana vilivyobaki, mmoja alipanda kwenye kenchi za paa akashusha fimbo nne, zimefunikwa masizi, ambazo baadhi ya watoto hawakuwahi hata kuziona. Habari ikatembea, kama zinavyotembea habari kijijini. Baada ya siku chache akafika mnunuzi mwenye simu ya picha, mmoja wa wale wanaozunguka wakitafuta vitu vya kale, akazipiga picha zote, akataja bei, na akasema kwa uhakika mkubwa kwamba ni marungu ya Kimasai. Watoto wakaanza kubishana juu ya bei. Mama akazifunga kwa kanga yake akaja nazo kwa miguu hadi parokiani.

“Padre,” akaniambia, “sikuja kuuliza bei. Nataka nijue hizi zimetoka wapi. Na hii moja,” akaonyesha bila kuigusa, “tangu ishushwe silali vizuri.”

Lilikuwa rungu. Urefu wake si zaidi ya mkono wa mtu mzima, kichwa mviringo kama limau kubwa, mti mzito wenye rangi ya kahawia iliyokolea. Kuzunguka kichwa na shingo yake palikuwa na tundu ndogo nyingi, zimepangwa mistari. Tundu tupu. Nilipoziona, nami nikaogopa.

Wasomaji walio mbali na kwetu huenda wasielewe kwa nini padre aogope mti wenye tundu. Parokia zetu za Ngara zimekaa kwenye ukingo wa Rwanda na Burundi. Tarehe 28 na 29 Aprili 1994, kwa muda wa saa 24 hivi, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda, wakaja kukaa Benaco, mahali palipokuwa na kambi ya kampuni ya barabara na ambapo kwa siku moja paligeuka kuwa mji. Upande wetu wa daraja, askari waliwaamuru waliokuwa na silaha waziache, na picha za marundo yale ya mapanga, mikuki na marungu zilizunguka dunia nzima. Miili ya waliouawa ilikuwa ikishuka na maji ya mto Kagera hadi ziwani. Waliovuka wengi walikuwa akina mama na watoto waliokimbia vita, na kati yao walikuwamo pia walioua. Hatukuwa na njia ya kuwatenga. Tulipika uji tukawagawia wote.

Katika ushuhuda wa mauaji yale, rungu lililopigiliwa misumari lina jina lake: ntampongano. Neno impongano kwa Kinyarwanda ni fidia, kile kinachotolewa ili kosa lifutwe na watu wapatane. Katika Biblia ya Kinyarwanda ndilo linalotumika katika Waraka wa Kwanza wa Mtakatifu Yohane, Kristo anapoitwa upatanisho kwa dhambi zetu. Waliolipa rungu jina hilo walimaanisha kwamba kwa adui hakuna fidia, hakuna upatanisho. Sijui kama walisikia walichokuwa wakikikana, maana wengi wao walikuwa wamebatizwa.

Basi nilipoziona tundu zile, nikahukumu papo hapo. Nikamwambia yule mama: “Mama, hili lisirudi nyumbani kwako. Hizi ni tundu za misumari.” Sikuuliza swali hata moja. Akaketi kwenye ngazi ya sakristia akalia, kisha akaondoka bila fimbo yoyote, hata ile ya mumewe ya kutembelea ambayo alikuwa akiipenda. Nilizifungia zote nne kabatini, na mchana ule nikaendelea na shughuli zangu kama mtu aliyetimiza wajibu.

Usiku, wakati wa Masifu, nikamkumbuka Tamari. Mnaikumbuka habari hiyo katika kitabu cha Mwanzo, sura ya 38, ambayo haisomwi mara nyingi kanisani kwa kuwa inaona aibu kidogo. Yuda anamhukumu mkwewe achomwe moto. Tamari hajitetei kwa maneno. Anatuma vitu vitatu, muhuri, kamba na fimbo, na kumwomba mzee atazame ni vya nani. Yuda anaitambua fimbo yake mwenyewe, na hukumu inamgeukia. Ndiyo kesi ya kale kuliko zote niijuayo ya kutafuta asili ya fimbo, na aliyeaibika ni aliyehukumu kabla ya kuitazama.

Mimi nilikuwa sijaitazama. Nilikuwa nimeona tundu tu.

Kwa siku tatu zilizofuata nilijaribu kujifunza. Nilipokuwa mseminari tulipelekwa Bujora, karibu na Mwanza, kwenye makumbusho ya Wasukuma yaliyoanzishwa na Padre David Clement, Mmisionari wa Afrika kutoka Kanada. Padre yule alifanya jambo ambalo wengi wa wakati wake hawakulifanya: badala ya kuchoma vitu vya wenyeji, alivikusanya, akauliza majina yake, na sikukuu ya Ekaristi Takatifu akaiunganisha na ngoma za Bulabo, ambamo Wagika na Wagalu hushindana mpaka leo. Nakumbuka mwongozaji wetu siku ile akitueleza kwamba kitu kilichoandikwa mahali kiliponunuliwa bado hakijaandikwa kwao. Wakati wa Wajerumani, waliokaa katika maboma kama lile la Biharamulo lililojengwa mwanzoni mwa karne ya 20, vitu vingi vilichukuliwa kupelekwa Ulaya, na aghalabu kibandiko chake kinataja kituo kilikochukuliwa. Fimbo ya mpagazi wa Kinyamwezi aliyefia njiani yaweza kulala miaka mia moja kwenye sanduku la kioo ikiitwa ya watu waliomzika.

Kwetu jambo hilo ni gumu maradufu. Bugufi, sehemu kubwa ya Ngara ya leo, ilikuwa chini ya mwami wa Burundi, na ni baada ya Vita Kuu ya Kwanza ndipo ilipoachwa upande wa Tanganyika ya Waingereza. Wahangaza husemezana na Warundi bila mkalimani. Washubi wana ndugu pande zote. Anayesema fimbo fulani ni ya Tanzania wala si ya Burundi, amwulize kwanza fundi wake kama alikuwa amekwisha kuuona mpaka.

Mwishowe nikakubali kwamba sijui, nikaweka fimbo garini, nikashika njia ya Biharamulo kupitia Lusahunga, kwenda kwa mzee mmoja ambaye mapadre wengi wa jimbo letu la Rulenge-Ngara wanamfahamu, kwa maana ndiye aliyetuchongea misalaba ya madhabahu na viti vya vigango. Sasa hachongi sana. Macho yamepungua, na miti aliyokuwa akiiendea porini imo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato tangu mwaka 2019, wala hairuhusiwi kukatwa, jambo analolilalamikia kwa ucheshi kila tukionana. Nilimwamkia shikamoo, naye akaniamkia Tumsifu Yesu Kristo, kwa pamoja, kama kawaida yetu, kila mmoja akitaka kumheshimu mwenzake kwanza.

Nilimpa fimbo ya kwanza nikaanza kueleza kichwa chake. Akanikatiza.

“Padre, unaanza kichwani kama wanunuzi. Kichwa ni cha kumwonyesha mgeni. Anza mguuni.”

Akaigeuza juu chini. Ilikuwa ile fimbo ya kutembelea ya marehemu, na mzee akanionyesha jinsi ncha ilivyolika upande mmoja, mshazari, kama kwato ya mbuzi. Fimbo ya mtembezi hugusa ardhi ikiwa imelala kidogo, kwa hiyo huliwa upande. Akaniambia aliyeitumia alikuwa mrefu, na alikuwa akiishika kwa mkono wa kushoto. Yote mawili ni kweli. Wengi wenu mnamkumbuka. Sikuwa nimemwambia jina lake.

Ya pili ilikuwa ile ambayo mnunuzi aliitajia bei kubwa kuliko zote: nyeusi, inang'aa, ina kichwa cha mtu mwenye macho makubwa. Mzee aliinusa, akaikwaruza kwa ukucha, akacheka hadi akakohoa. “Mpingo wa dawa ya viatu,” akasema. Chini ya weusi ule mti ulikuwa mweupe na laini. Tena akanifundisha jambo ambalo sikulijua: katika nchi zetu hizi, kuanzia Karagwe hadi Burundi, mafundi wa zamani hawakupenda sana kuchonga sura ya mtu. Uzuri waliuweka kwenye ususi, kwenye chuma na kwenye mistari. Kichwa cha mtu juu ya fimbo hutafutwa kwa Wanyamwezi na Wasukuma, au kwa Wazaramo na Wakwere wa kule pwani wanaochonga umbo la mwana hiti. Lakini hii haikuwa ya hao wote. Ilichongwa iuzwe kwa watalii, kama yalivyo marungu mengi yanayoitwa ya Kimasai huko Arusha na Nairobi, ambayo baadhi yake yametoka katika mikono ya Wakamba. Marehemu aliwahi kufanya kazi mjini. Bila shaka aliinunua stendi, kama sisi sote tulivyowahi kununua kitu cha kijinga stendi.

Fimbo ya tatu nilikuwa nimeidharau. Ilikuwa nyoofu, haina nakshi ila alama moja karibu na juu, haina kichwa, haina chuma. Ningeweza kusongea ugali nayo. Mzee aliishika akanyamaza muda mrefu. Akaugeuza mguu, akanipa nipapase. Haukulika mshazari. Ulikuwa umebondeka sawasawa pande zote, nyuzi za mti zimefumuka kama ncha ya mswaki wa mti.

“Hii haikutembea,” akasema. “Hii ilikaa. Mtu alikaa nayo, akaigonga chini, akaigonga, miaka mingi. Hii ni intahe.”

Wapendwa, wenye asili ya Bugufi na Burundi hawahitaji kuelezwa, lakini wengine tuelezane. Intahe ndiyo fimbo ya haki. Umushingantahe, yule mzee mwadilifu aliyeteuliwa na jirani zake kuwa mwamuzi, jina lake latokana na kuisimika fimbo hiyo. Wazee waketipo kusikiliza shauri, mnenaji huigonga ardhini kwa mapigo anaposema, na neno lililosemwa juu ya intahe ni neno lililoapiwa. Walichaguliwa Wahutu na Watutsi vilevile. Kilichotazamwa ni kama mtu aweza kusema kweli dhidi ya ndugu yake. Nilimkumbuka Mtumishi wa Mungu Julius Nyerere na kifimbo chake, akiwa Arusha katika miaka yake ya mwisho, akiwasuluhisha Warundi. Alifariki mwaka 1999 kabla ya kuwaona wakitia sahihi, tarehe 28 Agosti 2000. Kifimbo kile hakikumpiga mtu.

Nikauliza fimbo ya mwamuzi imefikaje kwenye kenchi za mkulima wa Ngara. Mzee akanitazama kama mtu anayemtazama mtoto. “Mti unakuambia ulivyoshikwa,” akasema. “Mengine kamwulize aliyekuwa anakaa chini ya paa.”

Ndipo nikalitoa lile rungu. Nililitoa mwisho kwa makusudi, na nikamwambia nilichokwisha kumwambia yule mama. Hakunijibu. Akaenda nalo mlangoni penye mwanga, akachukua sindano ndefu, ile ya kushonea magunia, akaitumbukiza tundu baada ya tundu. Zote zilikuwa fupi, kina chake sawa, kama robo ya ukucha. Akaniuliza: msumari wa kuumizia ungesimama vipi kwenye tundu fupi namna hiyo? Ungeng'oka kwa pigo la kwanza. Kisha akaniita nichungulie. Ndani ya tundu mbili tatu palikuwa na kitu cha kijani.

Hapo ndipo elimu yangu yote ya seminari ilipokosa kazi. Chuma kikikaa ndani ya mti mgumu, unyevu ukiingia, mti unazunguka chuma kile unakuwa mweusi kama wino. Shaba haifanyi hivyo. Shaba huacha kutu ya kijani. Katika tundu zile zote hapakuwa na weusi hata mmoja. Zilikuwa zimebeba pini za shaba, fupi, kwa ajili ya urembo, zikizunguka kichwa na shingo kama ushanga. Kichwa chenyewe kilichongwa kutoka pale shina linapokutana na mzizi, ambapo nyuzi za mti hufungamana na hazipasuki. Ni rungu la mtu mwenye ng'ombe wengi, la kubeba siku ya sherehe, la kuonekana. La wapi? Mzee akapunga mkono kuelekea kaskazini na magharibi kwa pamoja: Karagwe, Rwanda, Bushubi, popote penye wafugaji wa ng'ombe wenye pembe ndefu. “Fundi wa shaba alikuwa akienda alikoitwa,” akasema. Jina la kabila alikataa kabisa kunipa, ingawa nililiuliza mara mbili, na baadaye nikashukuru kwamba alikataa. Najua majina hayo yalitumikaje kwenye vizuizi vya barabarani upande wa pili wa mto.

Nilirudi Ngara nikiwa na furaha ambayo sasa naiona ilikuwa nyepesi mno. Nilijiona kama Danieli aliyemwokoa Susana. Kesho yake asubuhi nikaenda nyumbani kwa yule mama, nikaketi kwenye kigoda alichonipa, na kitu cha kwanza nikamwomba radhi kwa kuwa nilihukumu kwa haraka. Kisha nikamweleza yote: tundu fupi, kutu ya kijani, ng'ombe, sherehe. Nikamwambia alale kwa amani.

Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasimulia, na niliyoyasikia yalipaswa kuwa ya kwanza kusikika, kama siku ile kwenye ngazi ya sakristia ningekuwa na subira ya kuuliza.

Intahe aliikumbuka mara moja. Oktoba 1993, Rais Melchior Ndadaye alipouawa na Warundi wakaanza kumiminika, mzee mmoja alifika kwao jioni pamoja na mjukuu. Wakakaa majuma mawili. Hawakumwuliza kabila, naye hakulitaja. Alipoondoka kwenda kambini, alimkabidhi mwenyeji wake fimbo ile akasema kambini itaibwa au itachomwa kuni, amtunzie, atairudia. Hakurudi. Marehemu hakuwahi kuitembelea hata siku moja. Kila mtoto akiigusa, alisema: “Iacheni, ni ya mwenyewe.” Ndiyo sababu ilipanda kenchini.

“Na rungu?” nikauliza.

“Rungu alikuja nalo mwaka uliofuata,” akasema. “Ile wiki ya watu wengi. Alikuwa ametoka barabarani, upande wa Benaco. Nilimwuliza, akasema nimeliokota. Hakusema zaidi. Na kwa kawaida alikuwa msemaji.”

Tukanyamaza. Halafu akaniambia neno ambalo nimelibeba tangu siku ile:

“Padre, umesema halikuwa na misumari. Hukusema halikupiga.”

Sikuwa na jibu. Rungu la sherehe ni rungu. Aliyelichonga alitaka lipendeze. Aliyelishika siku ya mwisho kabla ya kulitupa kandokando ya barabara ile, ikiwa lilitupwa, alitaka nini? Yawezekana alikuwa mzee aliyekimbia na urithi wa baba yake mpaka mkono ukachoka. Yawezekana si hivyo. Nani aling'oa zile pini za shaba, na kwa nini, mti hausemi.

Njiani kurudi niliwaza juu ya Injili ileile niliyoiacha nusu. Marko anatumia neno moja kwa fimbo ya mitume, na neno jingine kwa marungu waliyobeba watu waliokuja Getsemane usiku kumkamata Bwana. Hili la pili kwa Kigiriki ni ksilon, na maana yake ni mti tu, ubao tu. Ni neno lilelile ambalo Mtakatifu Petro analitumia katika Matendo ya Mitume, na tena katika waraka wake, kwa Msalaba. Kwa miaka zaidi ya 20 nimekuwa nikibusu mti siku ya Ijumaa Kuu, na sikuwahi kufikiri kwamba Biblia inauita kwa jina moja na marungu ya Getsemane.

Watoto wa marehemu wamekubaliana. Fimbo ya kutembelea amepewa mjukuu mkubwa, ambaye ni mrefu kama babu yake. Ile ya dawa ya viatu imeuzwa, na mnunuzi ameambiwa ukweli wote, akanunua vilevile. Rungu mama hakulitaka nyumbani, wala hakutaka lichomwe. Liko kabatini kwangu. Alikuja ofisini na bahasha ya nia ya Misa, na katibu wetu, akiwa ameshika kalamu juu ya daftari, akamwuliza jina la marehemu. Mama akasema jina halijui: ni kwa ajili ya yeyote aliyepigwa na rungu hili, kama yupo, na kwa ajili ya aliyepiga, kama yupo. Katibu akanitazama. Nikamwambia aandike kama alivyosema, na mahali pa jina aache wazi. Misa hiyo tuliiadhimisha Alhamisi saa 12:30 asubuhi.

Iliyobaki ni intahe. Imesimama nyuma ya mlango wa ofisi ya parokia, na itakaa hapo. Wasomaji wangu mlio Burundi, na ninyi ambao wazazi wenu walipita Ngara katika miezi ile: ikiwa katika familia yenu kuna habari za babu aliyekuja mwishoni mwa mwaka 1993 pamoja na mjukuu, akakaa majuma mawili kwa mkulima, akaacha kitu, tafadhali fikeni au mtume mtu. Rusumo ina daraja jipya lililozinduliwa mwaka 2016, na kutokea Kobero hadi kwetu si mbali. Karibu na kichwa cha fimbo ile nimesema kuna alama moja. Sitaieleza hapa ikoje. Mwenyewe atanieleza.

Padre wenu